KOFIA YA CHUMA YA NYANYA: Jinsi ya Kutambua Kofia ya Vita Iliyo Halisi

 Mwaka jana niliandika katika jarida hili kuhusu majitaka ya mtaa wetu wa Tassia, na baadhi yenu mkaniita "Diwani" muhula mzima. Mwaka huu nimewaletea jambo ambalo sidhani mlilitarajia kutoka kwa msichana wa Kidato cha Tatu: kofia za chuma za vita. Sisemi helmeti za boda boda pale steji. Nasema zile ambazo askari walivaa risasi zikilia, na ambazo siku hizi watu hununua kwa pesa nyingi ili kuziweka kabatini.

Huenda ukauliza, haya yananihusu nini? Yalinihusu kwa sababu ya karo. Sikiliza.

Mwezi wa Desemba baba mdogo alikuja kwetu kutoka nyumbani Kangundo akiwa amebeba gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na kofia ya chuma, imepakwa rangi ya kijani mpya inayong'aa, na mbele imeandikwa kwa rangi nyeupe: K.A.R. 1916. Ndani alikuwa ameitia ngozi safi. Akatuambia kwamba hiyo ndiyo kofia ambayo marehemu babu mkuu, yaani babake babu yangu, aliivaa katika Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa askari wa Keya. Alikuwa amempata mnunuzi mjini, mzee mmoja mkusanyaji, aliyeahidi shilingi elfu arobaini. Baba mdogo angechukua nusu kwa jasho lake na nusu ingekuwa ya karo yangu. Nami wakati huo nilikuwa na deni la shilingi elfu kumi na nne na mia tano, na nilikuwa nimetumwa nyumbani mara mbili muhula uliotangulia.

Mama alifurahi. Mimi pia nilifurahi, nisiwadanganye. Lakini usiku nikiwa kitandani nilianza kupiga hesabu. Babu mkuu alifariki mwaka wa 1998, na nyanya husema alikuwa na umri wa kama miaka sabini na minane hivi. Basi alizaliwa karibu mwaka wa 1920. Vita vya Kwanza vilianza 1914 vikaisha 1918. Mtu atapiganaje vita vilivyoisha kabla hajazaliwa?

Asubuhi nilimweleza baba mdogo. Akacheka, akasema, "Msichana wa shule anajua nini kuhusu vita? Wewe soma vitabu vyako." Nikamjibu kwa heshima, "Sawa, Anko, nitasoma." Na ndivyo nilivyofanya. Likizo yote nilikuwa nikienda Maktaba ya Buruburu, na nilipopata shilingi ishirini niliingia saiba hapa Tassia kutazama picha. Mwalimu wetu wa Fizikia naye aliniazima sumaku. Hayo niliyoyapata ndiyo ninayotaka kuwagawia.

KOFIA HIZI ZILITOKA WAPI?

Kabla ya kujua kitu bandia, yafaa ujue kilicho halisi. Mwanzoni mwa Vita vya Kwanza askari wa Ulaya walivaa kofia za kitambaa au za ngozi, na wengi walikufa kwa vipande vya mizinga vilivyowaangukia vichwani kutoka juu. Mwaka wa 1915 John Leopold Brodie wa London alibuni kofia ya chuma yenye umbo kama la bakuli lililofunikwa, na ukingo mpana wa kukinga kichwa na mabega. Waingereza walianza kuitumia kwa wingi mwaka wa 1916. Wajerumani nao walitoa yao mwaka huohuo, yenye kushuka hadi masikioni na shingoni. Baadaye, mwaka wa 1938, Waingereza waliiboresha ile yao wakaiita Mark II. Hiyo ndiyo iliyotumiwa sana katika Vita vya Pili, kuanzia 1939 hadi 1945. Mwaka wa 1944 ilitoka nyingine yenye umbo kama gamba la kobe, nayo ni Mark III.

Sasa njoo kwetu Afrika Mashariki. Hapa ndipo wadanganyifu hukamatwa, kwa maana wengi wao wanajua sinema za Ulaya lakini hawajui historia yetu. Katika Vita vya Kwanza Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914. Mnamo tarehe 12 Februari 1916 kulikuwa na mapigano makali kwenye kilima cha Salaita, na mwezi wa Machi Wajerumani wakasukumwa kuelekea Tanganyika. Jemadari wao, von Lettow-Vorbeck, hakusalimu amri hadi tarehe 25 Novemba 1918, kule Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia. Kwa sehemu kubwa ya muda huo meli za Waingereza zilikuwa zimeziba njia ya bahari, hivyo ilikuwa nadra sana kwa askari wake kuletewa vifaa vipya kutoka kwao. Basi mtu akikuuzia kofia ya chuma ya Mjerumani "iliyookotwa Taveta 1914", mwulize: ilifikaje Taveta miaka miwili kabla ya kutolewa?

Askari wa Keya nao katika vita hivyo hawakujulikana kwa kofia za chuma. Usiniamini mimi. Panda matatu uende mjini, ushuke, utembee hadi Kenyatta Avenue. Pale pana sanamu tatu za shaba zilizowekwa kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita hivyo. Hao wabebaji ndio waliotuachia jina la Kariokor, kutokana na jina la kikosi chao. Nilisimama pale karibu nusu saa nikizitazama hadi askari wa kaunti akaniuliza nimepotea. Hakuna hata sanamu moja iliyovaa kofia ya chuma. Huo ulikuwa ushahidi wangu wa kwanza, na nauli yake ilikuwa shilingi themanini tu.

JINSI YA KUICHUNGUZA

Baada ya historia, sasa mikono. Nimezipanga njia hizi kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kuzijaribu nyumbani.

Kwanza, usiioshe wala kuikwaruza. Ninasema hivi kwa uchungu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Siku ya kwanza nilichukua sufi ya chuma ya kusugulia sufuria nikaanza kusugua ukingo ili nione kilicho chini ya rangi mpya. Kabla sijatanabahi nilikuwa nimeondoa rangi mpya pamoja na ya zamani, kipande cha ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Rangi ya zamani ikishaondoka hairudi, nayo ni sehemu ya ushahidi. Tumia kitambaa kikavu na macho yako.

Pili, tazama umbo na ukingo. Kofia za kwanza kabisa za 1915 zilikuwa na ukingo mtupu uliokatwa tu. Zilizofuata zilizungushiwa utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa juu ya ukingo ili usikate mtu. Ukiufuata utepe huo kwa kidole utafika mahali ambapo miisho yake miwili inakutana. Fundi wa bandia mara nyingi huviringisha ukingo wenyewe wa bati, na hapo hutapata maungio. Kadhalika ipime uzito. Mark II ina kilo moja na kidogo. Ukiishika ukahisi wepesi wa karai la plastiki, irudishe kwa mwenyewe.

Tatu, tumia sumaku. Hapa nilishangaa kweli. Chuma cha kofia za askari wa Uingereza kilichanganywa na manganizi, kama asilimia kumi na mbili hivi. Aliyekigundua chuma hicho ni Robert Hadfield wa Sheffield mwaka wa 1882. Chuma hicho kina tabia mbili za ajabu. Ukikipiga hakivunjiki, bali pale ulipopiga panazidi kuwa pagumu. Ndiyo maana hutumiwa hata kwenye makutano ya reli ambapo magurudumu ya gari la moshi hugonga kila siku. Tabia ya pili ni kwamba sumaku haikishiki, au hukishika kwa unyonge sana, kwa kuwa manganizi hubadilisha jinsi chembe za chuma zinavyojipanga ndani.

Nilianza kwa kuijaribu sumaku kwenye jembe. Ikaruka ikanata. Nikaijaribu kwenye kofia. Ikateleza ikaanguka sakafuni. Mama aliyekuwa akichambua sukuma wiki aliniuliza, "Imeharibika?" Nikamwambia haijaharibika, ila kofia ni ya kweli. Ilinata mahali pamoja tu: kwenye waya wa baiskeli uliofungwa mahali pa ukanda wa kidevu. Waya huo hakika haukutoka Uingereza.

Lakini jihadharini. Sumaku peke yake si hakimu. Wakati wa Vita vya Pili Waingereza walitengeneza pia kofia za chuma cha kawaida kwa walinzi wa raia mijini, na hizo sumaku huzishika barabara ingawa ni za wakati uleule. Baadhi yazo zilitobolewa matundu madogo ukingoni ili watu wajue hazikufikia kiwango cha kwenda vitani. Tena kuna kofia za Afrika Kusini. Jeshi la nchi hiyo lilikuja Kenya mwaka wa 1940 kupigana na Waitaliano waliokuwa Somalia na Ethiopia, na kofia zao zilikuwa na matundu matatu yaliyopangwa mstari upande wa nyuma wa ukingo, ya kufungia kitambaa cha kukinga shingo na jua. Kwa hivyo ukikuta matundu usiseme tu "imetobolewa na risasi", kama nilivyosikia mtu mmoja akijigamba. Risasi haitoboi kwa mstari.

Nne, tafuta muhuri. Chini ya ukingo, karibu na mahali ukanda unapofungwa, Mark II huwa imegongwa herufi za kiwanda pamoja na mwaka. Kofia nyingi za Vita vya Kwanza hugongwa herufi za aliyetengeneza chuma na namba ya fungu, bila mwaka. Mathalani, HS ni chuma cha Hadfield. Kwenye kofia yetu rangi mpya ilikuwa imefunika kila kitu, na baada ya kosa langu la kwanza sikutaka kusugua tena. Nikakumbuka mchezo tuliokuwa tukiufanya katika shule ya msingi, wa kuweka sarafu chini ya karatasi na kupitisha penseli juu yake. Nikaweka karatasi nyembamba chini ya ukingo nikapitisha penseli polepole. Zikatokea herufi BMB, na mbele yake 1941.

Moyo ulinipiga. BMB ni Briggs Motor Bodies, kiwanda cha Dagenham, Uingereza, kilichokuwa kikiunda bodi za magari. Basi ukingoni imeandikwa 1941 na usoni imeandikwa 1916. Moja ya tarehe hizo iligongwa kwa mashine kiwandani, na nyingine ilichorwa kwa brashi kando ya barabara. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, nayo ya kofia hii ilikuwa na urefu wa shubiri moja.

Tano, angalia ndani. Kofia ya Vita vya Kwanza ilishikanishwa na bitana yake kwa ribiti katikati ya utosi. Mark II hutumia skrubu na nati. Hata hivyo usiharakishe kuhukumu, kwa maana kofia kadhaa za Vita vya Kwanza zilitolewa stoo kabla ya Vita vya Pili zikatiwa bitana mpya. Kofia kuukuu yenye bitana mpya zaidi yaweza kuwa halali. Kinachokataa ni kinyume chake: kofia ya 1941 yenye kitu cha 1916.

Ya kwetu ilikuwa na ngozi iliyoshonwa vizuri sana. Nilivuta ncha ya uzi uliobaki nje nikaukaribisha kwenye moto wa kiberiti. Uzi wa pamba huungua ukawa majivu. Huu uliyeyuka ukawa kijidonge kigumu cheusi. Ulikuwa nailoni. Na nailoni ilitangazwa kwa ulimwengu mara ya kwanza mwaka wa 1938 huko Marekani! Baadaye nilikuja kujua kwamba ngozi yenyewe ilikatwa kutoka kwa mkoba wa mitumba. Nilipoinua ngozi hiyo niliona tundu la skrubu limezibwa kwa lami. Kwa nini mtu azibe tundu la kofia kwa lami? Nililiandika swali hilo daftarini nikaliacha.

Sita, soma rangi na kutu. Kitu kilichotumika kweli huchakaa pale kinaposhikwa: ukingoni, na karibu na ukanda. Aliyeghushi hukwaruza popote. Kutu ya miaka mingi huwa nyeusi au kahawia iliyokolea, nayo imeshikana na chuma. Kutu ya juzi, ya kumwagia chumvi na siki au kufukia udongoni wiki mbili, huwa ya rangi ya machungwa na hutoka kidoleni. Tena nusa. Rangi ya miaka themanini hainuki rangi.

Saba, na hili ni la muhimu kuliko yote: usiamini dalili moja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Umbo, sumaku, muhuri, bitana, rangi na historia lazima vyote viimbe wimbo mmoja. Kimoja kikikosa sauti, uliza.

NA NISHANI JE?

Baada ya kugundua hayo nilibaki na swali jingine. Ikiwa babu mkuu hakupigana Vita vya Kwanza, alipigana lini? Tulipoenda Kangundo kwa Krismasi nilimwomba nyanya anionyeshe vitu vyake. Akanitolea kopo la majani ya chai, na ndani, katika kitambaa, mlikuwa na nyota ya shaba yenye ncha sita na herufi za Mfalme George wa Sita katikati. Utepe wake ulikuwa umefifia, lakini ungeona mstari mpana mwekundu katikati, buluu pande zote mbili, na mstari mwembamba wa rangi ya machungwa ndani ya kila buluu. Hiyo ni Nyota ya Burma.

Nishani nazo zina mtego wake. Zile ambazo Waingereza walitoa baada ya Vita vya Kwanza kwa kawaida ziliandikwa namba na jina la askari kwenye ukingo. Nyota za Vita vya Pili walizitoa bila jina, kwa hiyo mtu anaweza kununua ya mwingine na kusema ni ya babake. Nyota peke yake haithibitishi mtu. Lakini hii ilikuwa haijatoka katika kopo lile tangu nyanya aolewe, na hakuna aliyejaribu kuiuza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi babu mkuu alikuwa mmoja wa askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma, ambao katika mwaka wa 1944 walipita katika bonde la Kabaw wakati wa mvua na matope hadi mto Chindwin. Nimeona picha zao nyingi. Katika picha hizo wengi wamevaa kofia za kitambaa zenye ukingo mpana, si za chuma.

Hapo ndipo nilipomwuliza nyanya swali ambalo ningalipaswa kumwuliza tangu mwanzo. "Nyanya, ile kofia ya chuma, babu mkuu aliivaa wapi?"

Nyanya alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema, "Aivae wapi, mjukuu wangu? Aliinunua Machakos kwa Mhindi wa vyuma vikuukuu, baada ya kurudi kutoka vitani. Alitaka kipimo cha maharagwe kisichovunjika. Mimi nilipoolewa hapa niliikuta jikoni. Baadaye nikaiziba kwa lami, ikawa ya maji ya kuku. Na sasa kuku wangu wanakunywa kwa sufuria yangu nzuri kwa sababu baba yako mdogo ameibeba bila kuniuliza."

Lami! Nikafungua daftari nikalijibu swali langu.

Wasomaji wapendwa, nilijionea haya. Nilikuwa nimekwenda Buruburu mara tano, nimeingia saiba, nimepanda matatu hadi mjini na kuchoma uzi, ilhali mtu aliyejua kila kitu alikuwa ameketi Kangundo akichambua maharagwe. Hakuna aliyemwuliza. Baba mdogo hakumwuliza kwa sababu hakutaka kujua. Mimi sikumwuliza kwa sababu nilidhani ujuzi uko vitabuni tu. Hata hivyo sijutii uchunguzi wangu, kwa maana mdomo wa nyanya na muhuri wa ukingoni vilikubaliana, na hapo ndipo nilipokuwa na hakika.

TULIVYOAMUA

Jioni hiyo kulikuwa na kikao. Baba mdogo alikasirika sana. Alisema mnunuzi ni tajiri, hataumia, na kwamba mimi ndiye nitakayekaa nyumbani kwa kukosa karo, si yeye. Maneno hayo yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli. Baba alikuwa kazini Mombasa. Alipopigiwa simu alisema mwenye kofia ni nyanya, yeye aamue.

Nyanya alinyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Kama ni ya kuuzwa, iuzwe kwa jina lake. Mzee alienda Burma akarudi. Hahitaji kuongezewa vita."

Januari mimi na mama tulienda na baba mdogo kwa mnunuzi. Nilimwonyesha karatasi yangu ya penseli, nikamweleza habari ya nailoni, lami na kuku. Yule mzee aliigeuza kofia akaitazama na miwani yake, kisha akasema rangi ile mpya na ile sehemu niliyosugua zimepunguza thamani kuliko hata ule mwaka wa uongo. Akatoa shilingi elfu saba. Baba mdogo hakusema neno njia nzima ya kurudi, na hakuja kwetu tena hadi Pasaka.

Nyanya alitwaa elfu moja akanunua beseni la kuku na sukari, elfu sita ikaingia kwenye karo. Deni lililobaki mama alilimaliza mwezi wa Machi alipopata zamu yake ya chama, na katikati hapo nilitumwa nyumbani tena mara moja. Sitawaambia kwamba ukweli ulilipa karo yangu yote. Haukulipa. Ulilipa elfu sita.

Kabla sijatua kalamu, nina maonyo mawili. La kwanza, ukiokota kitu cha vita shambani au porini kinachofanana na kombora au bomu, usikiguse wala kukigonga ili kujua kama ni halisi, waite polisi. Uhalisi wa kitu kama hicho hujulikana mara moja tu. La pili, ukiwa na kitu cha kale nyumbani na hujui thamani yake, kipeleke kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill ukawaulize, kabla ya kukipeleka kwa fundi wa rangi.

Ninawasihi pia, wanachama wenzangu, likizo hii ijayo mkae na wazee wenu mwaulize kuhusu vitu vilivyo ndani ya nyumba: kigoda, kibuyu, nishani, hata karai. Andikeni wanayosema, pamoja na tarehe. Kitu bila maelezo ni rahisi kukiandika uongo usoni. Mimi nimekwisha kuandika ya kofia ya nyanya katika karatasi mbili zinazofanana. Moja nilimpa mnunuzi akaiweka ndani ya kofia. Ya pili imo ndani ya kopo la majani ya chai, pamoja na nyota.